Uzi: Serikali ya jimbo inapowapuuza wananchi wake, mtetezi afanye nini? Tujadili kisa cha maji ya Flint, Michigan

Mtoa uzi

Ndugu wanajamvi, salaam.

Mara nyingi tunapojadili viongozi wasiosikia, mjadala huishia kwenye lawama mbili: ama wananchi ni waoga, ama serikali imetia pamba masikioni. Naomba leo tukitazame kwa kina kisa kimoja kilichotokea katika nchi yenye mahakama imara na magazeti huru, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo kila anayetaka kuwasemea wenzake anapaswa kulijua mapema: serikali inaweza kumsikia mwananchi vizuri kabisa, ikamjibu kwa barua na takwimu, na bado ikampuuza. Jibu lenyewe ndilo linalokuwa chombo cha kumpuuzia.

Flint ni mji wa viwanda katika jimbo la Michigan, Marekani, na ndiko kampuni ya General Motors ilikoanzishwa mwaka 1908. Viwanda vilipofungwa watu waliondoka kwa makundi, wakabaki takriban laki moja, wengi wao Wamarekani weusi na wengi wakiishi kwenye umaskini. Mapato ya mji yalipoporomoka, Gavana Rick Snyder aliuweka mji huo chini ya meneja wa dharura mwishoni mwa mwaka 2011. Meneja huyo huteuliwa na serikali ya jimbo, huchukua mamlaka ya meya na ya baraza la madiwani, na hakuna mwananchi anayeweza kumwondoa kwa kura.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu wengi wanaosimulia kisa hiki huanzia kwenye maji na kuiruka sehemu hii. Novemba 2012 wananchi wa Michigan walipiga kura ya maoni kuifuta sheria ya mameneja wa dharura, wakashinda. Mwezi uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria nyingine inayofanana nayo mno, safari hii ikiwa na kifungu cha kutenga fedha, kwa kuwa katiba ya jimbo hairuhusu kura ya maoni dhidi ya sheria inayotenga fedha. Watu walitumia njia halali kabisa ya kusema hapana, na njia hiyo ikazibwa ndani ya wiki chache. Yaliyofuata kwenye maji yalikuwa mwendelezo wa yale yaliyokwisha kufanywa kwenye kura.

Tarehe 25 Aprili 2014, chini ya uongozi wa meneja wa dharura, Flint iliacha kununua maji ya Ziwa Huron kupitia Detroit ikaanza kutumia maji ya Mto Flint, ili kubana matumizi wakati bomba jipya la kikanda likijengwa. Maji ya mto huo yalikuwa makali kwa mabomba, na sheria ya nchi ilitaka yawekewe dawa ya kuzuia yasile chuma. Idara ya mazingira ya jimbo iliwaambia wahusika wa mji kwamba dawa hiyo haikuhitajika kwa wakati huo. Mabomba ya zamani yaliyotengenezwa kwa madini ya risasi yakaanza kuliwa, na risasi ikaingia kwenye vikombe vya watoto.

Malalamiko yalianza ndani ya wiki chache: maji yana rangi ya kahawia, yananuka, yanawasha ngozi. Agosti na Septemba 2014 mji ukatangaza mara kadhaa kwamba maji yachemshwe kwa sababu ya bakteria. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kiliruhusiwa kurudi kwenye maji ya Ziwa Huron, kwa kuwa maji ya mto yalikuwa yakizitia kutu sehemu za injini. Januari 2015 watumishi wa serikali ya jimbo waliokuwa na ofisi mjini Flint wakaletewa maji ya kunywa ya kwenye madumu kazini kwao. Wananchi wakati huo walikuwa bado wakiambiwa kwamba maji yako salama. Machi 2015 madiwani walipiga kura 7 kwa 1 kutaka mji urudi kwenye maji ya Detroit, na meneja wa dharura akaikataa kura hiyo.

Katikati ya hayo yote alikuwapo mama wa watoto wanne, LeeAnne Walters. Watoto wake walipata vipele, nywele zikawanyonyoka, na mmoja wa mapacha wake akaacha kukua kama ndugu yake. Alipopeleka chupa za maji ya kahawia mkutanoni, aliambiwa tatizo ni mabomba ya nyumbani kwake. Mabomba ya ndani ya nyumba yake yalikuwa ya plastiki, na plastiki haitoi risasi wala kutu. Februari 2015 maji yake yalipimwa yakakutwa na risasi ya kiwango cha sehemu 104 kwa kila sehemu bilioni moja za maji. Kiwango cha serikali kuu kinachotaka hatua zichukuliwe ni 15. Kipimo kilichofuata kilitoa 397. Suluhisho alilopewa na mji lilikuwa kuvutiwa maji ya jirani kwa mpira wa bustani.

Mama huyu hakuwa mhandisi wala mkemia. Alianza kuomba nyaraka za mtambo wa maji, akazisoma usiku hadi usiku, na humo akagundua kwamba hakuna mahali popote palipoonyesha dawa ya kulinda mabomba ikiwekwa. Aliwapita maofisa wa jimbo, akampigia simu mtaalamu wa shirika la serikali kuu la kulinda mazingira, ofisi ya Chicago, aitwaye Miguel Del Toral. Del Toral hakukubali kwa maneno tu: alikwenda, akaikagua nyumba, akaona mabomba ya plastiki kwa macho yake, na tarehe 24 Juni 2015 akaandika waraka wa ndani uliosema wazi kwamba dawa haipo na hatari ipo. Mama Walters akaupeleka waraka huo kwa mwandishi wa habari Curt Guyette, aliyekuwa akifanya kazi na tawi la Michigan la chama cha kutetea haki za kiraia, ACLU, ukachapishwa mwezi Julai. Msemaji wa idara ya mazingira ya jimbo akajibu redioni kwamba mwenye wasiwasi juu ya risasi katika maji ya Flint anaweza kutulia.

Halafu ikaja sehemu ambayo mimi naiona kuwa kiini cha kisa kizima. Mji ulikuwa umekusanya sampuli 71 mwaka huo na kuzipeleka kwa idara ya mazingira ya jimbo. Sampuli mbili ziliondolewa kwenye hesabu kwa sababu za kikanuni, mojawapo ikiwa ile ya 104 kutoka kwa Mama Walters, kwa hoja kwamba nyumba yake ina kichujio. Zilipoondoka hizo mbili, hesabu ya mji ikashuka chini ya 15 na mji ukahesabiwa kuwa umefaulu. Katika ripoti hiyo mwananchi aliyelalamika kwa sauti kubwa kuliko wote alifutwa kwa kalamu.

Mnaweza kuona kwa nini kelele peke yake haikutosha. Wananchi waliandamana, walipiga simu, wachungaji waliongea makanisani, na kila mara ofisi ilikuwa na namba ya kuwaonyesha. Kwa hiyo wakaamua kutengeneza namba zao. Mama Walters, pamoja na wenzake wa umoja wa wananchi waliodai maji safi, wakishirikiana na Profesa Marc Edwards wa chuo kikuu cha Virginia Tech, waligawa vifaa 300 vya kuchukulia sampuli, na zaidi ya 250 zikarudi zikiwa zimechukuliwa vizuri. Tazameni jinsi walivyofanya. Bomba la jikoni lisiguswe kwa saa sita, ili maji yalale ndani ya mabomba. Chupa ya kwanza ijazwe bila kumwaga maji kwanza, mfereji ukiwa umefunguliwa wote, na chupa iwe ya mdomo mpana. Maelekezo yaliyokuwa yakitolewa na mamlaka yaliwataka watu wamwage maji kabla ya kuyalaza, na chupa zao zilikuwa za mdomo mwembamba unaomlazimisha mtu kufungua mfereji kidogo kidogo. Njia hizo zote mbili huifanya risasi ionekane kidogo. Watu wa kawaida, nyumba kwa nyumba, walipima kwa uangalifu kuliko idara iliyolipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Tarehe 24 Septemba 2015 Dkt. Mona Hanna-Attisha, daktari wa watoto katika hospitali ya Hurley, alisimama mbele ya waandishi wa habari na takwimu za damu: watoto wadogo wa Flint wenye risasi ya kiwango cha juu walikuwa wameongezeka kutoka asilimia 2.4 hadi 4.9 tangu maji yabadilishwe. Serikali ya jimbo ilimshambulia siku hiyohiyo, ikidai hesabu zake hazilingani na zake. Baada ya takriban wiki moja jimbo likakubali kwamba yuko sahihi. Tarehe 16 Oktoba 2015 mji ukarudi kwenye maji ya Detroit. Ilikuwa karibu miezi 18 tangu maji yabadilishwe.

Swali langu kwenu, ndugu zangu: sisi tunaowasemea watu wa mitaa yetu, tunajiandaa kwa lile jibu litakalotoka ofisini, au tunajiandaa kwa kupiga kelele tu?

Mchangiaji wa Mbeya

Ndugu mtoa uzi, nakushukuru kwa maelezo yako marefu, lakini naomba niwe mkweli. Hao walikuwa na profesa aliyekwenda kwao na maabara yake. Walikuwa na chama cha wanasheria, na walikuwa na daktari mwenye mafaili ya hospitali nzima. Mwananchi wa kwetu akilalamika mara ya pili hupigwa danadana, na akilalamika mara ya tatu huitwa mchochezi. Gharama ya kupima sampuli moja ya maji ni kubwa kuliko matumizi ya nyumba nyingi kwa wiki. Sisemi tukae kimya; nasema kisa cha Marekani hakiwezi kuhamishwa kama kilivyo. Nani hapa kwetu alishawahi kufanya hivyo akafika popote?

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu yangu wa Mbeya, yupo, na ni kwa madini hayohayo ya risasi.

Hapa Mombasa, upande wa Jomvu, kuna mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi kiliwekwa ubavuni mwa nyumba za watu. Phyllis Omido aliajiriwa pale mwaka 2009, na kazi yake mojawapo ilikuwa kushughulikia tathmini ya athari za kiwanda kwa mazingira. Tathmini ilionyesha kwamba kiwanda kile hakifai kuwa karibu na makazi, naye akapangiwa kazi nyingine. Mwanawe mchanga akaugua. Alitibiwa malaria, akatibiwa homa ya matumbo, hali haikubadilika, mpaka alipopimwa damu ikakutwa risasi. Mama alikuwa akimnyonyesha, na sumu ilikuwa ikipitia kwenye maziwa.

Tazama alichofanya baada ya hapo, kwa sababu ndicho unachokiuliza. Hakuwa na profesa wala sampuli mia tatu. Aliacha kazi, akawachukua watoto watatu wa mtaani, akawapeleka wakapimwe damu. Wote watatu walikutwa na risasi kupita kiasi. Kwa karatasi hizo chache alianza kubisha hodi kwenye ofisi za serikali, moja baada ya nyingine, na ofisi zikawa zinamrusha huku na huku kama alivyosema ndugu yetu. Wananchi wakaandamana. Mwaka 2012 alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, kesi ikaendeshwa na mahakama ikamwachia huru. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014.

Kesi ya fidia ilifunguliwa kwa niaba ya wakazi. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na taasisi za serikali zikiwa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Taasisi hizo zikakata rufaa, na mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaifuta fidia ile. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Wapo waliokuwa watoto wakati moshi ule ukitoka ambao wamekuwa watu wazima wakati shauri likipanda na kushuka ngazi za mahakama.

Katiba yetu ya 2010 ilisaidia sana. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amedhurika. Wanaowasemea wenzao wakisome kifungu hicho, kwa sababu wengi hudhani ni lazima wamsubiri mgonjwa akubali kusimama mbele ya hakimu.

Na kwa kuwa mtoa uzi amemtaja Mama Walters: wote wawili walipewa tuzo ya mazingira ya Goldman, Omido mwaka 2015 na Walters mwaka 2018. Mama wawili, mabara mawili, sumu moja.

Mchangiaji wa Grand Rapids

Wanajamvi, naandika nikiwa Michigan kwenyewe. Hapa Grand Rapids tuko Wakongo wengi, wengi wetu tulipitia kambi kabla ya kuletwa huku, na Kiswahili ndicho tunachoelewana nacho kanisani na dukani. Ninataka kuongeza jambo moja ambalo halisemwi sana katika kisa cha Flint.

Taarifa za maji zilipoanza kutolewa, nyingi zilikuwa kwa Kiingereza. Familia za Flint zinazozungumza Kihispania ziliendelea kunywa na kupikia maji yale wakati majirani wao wameshaacha. Kisha vituo vya kugawa maji ya chupa vilipofunguliwa, baadhi vikawa vinaomba vitambulisho, na wasio na vibali vya kuishi nchini wakaogopa kukaribia. Wengine hawakufungua mlango hata walipobishiwa hodi na watu waliowaletea maji, kwa kudhani ni maofisa wa uhamiaji. Kwa hiyo palikuwa na watu waliopuuzwa na jimbo pamoja na wenzao wote, kisha wakapitwa tena na msaada wenyewe.

Mimi ninayaona haya kwetu kila siku. Wazee huweka barua za serikali kwenye droo mpaka mjukuu arudi kutoka shule awasomee, na mjukuu wa miaka kumi hawezi kukuelezea barua ya idara ya maji. Atakwambia tu kwamba wamesema maji yako sawa. Anayetaka kuwasemea watu ahakikishe kwanza kwamba watu wenyewe wanajua kinachosemwa juu yao, kwa lugha wanayoizungumza mezani. Kinyume cha hapo atakuwa anasema juu yao bila wao kuwamo, kama vile meneja wa dharura alivyokuwa akiwaamulia.

Mchangiaji wa Dodoma

Nimekuwa mtumishi wa umma kwa muda mrefu, sasa nimestaafu, na ningependa kuutazama upande wa ndani ya ofisi. Sitetei waliofanya yale. Najaribu kueleza jinsi watu waliosoma, wenye watoto wao nyumbani, wanavyofikia kuondoa sampuli ya 104 kwenye hesabu na kulala usingizi.

Ofisi hujiuliza swali moja: je, tumekidhi kanuni? Mwananchi hujiuliza swali jingine: je, mtoto wangu atadhurika? Siku maswali hayo mawili yanapotengana, mtumishi hulifuata la kwanza, kwa kuwa ndilo atakaloulizwa na mkuu wake. Sampuli ile iliondolewa kwa kanuni, na kwa kanuni jalada likafungwa. Nadhani hata aliyeifuta hakujiona mwongo. Hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu mwongo anajua anachokificha.

Lakini mtoa uzi ametutajia Del Toral, naye pia alikuwa mtumishi. Msemaji wa jimbo alimwita mfanyakazi aliyeasi. Mkuu wa ofisi yake ya Chicago alimwomba radhi meya wa Flint kwa sababu waraka ule ulitoka nje kabla ya wakati, na mkuu huyo alijiuzulu wadhifa wake mwanzoni mwa mwaka 2016, ukweli ulipokwisha kuwa wazi. Ninaomba wenzangu walio ofisini leo wautafakari waraka wa Juni 2015. Haukuwa hotuba. Ulikuwa waraka wa kawaida wa kikazi, wenye tarehe, vipimo na jina la mwandishi, uliowekwa mahali ambapo hauwezi kukanushwa baadaye. Mtumishi asiyeweza kusimama barabarani na bango anaweza kuandika dokezo kama hilo, na akaliacha ndani ya jalada.

Nina swali moja. Waliofanya yale walichukuliwa hatua gani?

Mtoa uzi

Nawashukuru wote, na nitajibu kwa mpangilio wa umuhimu kadiri ninavyouona mimi.

Mzee wetu wa Dodoma, shikamoo. Jibu la swali lako linauma. Mkurugenzi wa idara ya mazingira ya jimbo alijiuzulu Desemba 2015. Maofisa kadhaa walishtakiwa, na Januari 2021 aliyekuwa gavana mwenyewe alishtakiwa kwa makosa madogo mawili ya kutotimiza wajibu wake. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua kwamba utaratibu uliotumika, wa jaji mmoja kukaa faraghani na kutoa hati za mashtaka, haukuwa halali, na kesi zikaporomoka zote. Mwaka 2023 waendesha mashtaka wakakubali kwamba safari imeishia hapo. Hakuna hata mmoja aliyefungwa jela kwa maji ya Flint. Wakati huohuo kulikuwa na mlipuko wa ugonjwa wa Legionnaires, aina ya nimonia inayotokana na bakteria wa majini, uliowaua watu wasiopungua 12 katika eneo hilo mwaka 2014 na 2015, na gavana alikuja kuutangaza hadharani Januari 2016.

Upande wa madai ndio uliozaa kitu. Mwaka 2017 umoja wa wachungaji wa Flint, mwananchi Melissa Mays na mashirika mawili walipata makubaliano ya mahakama yaliyolilazimu jimbo kutoa dola milioni 97 za kubadilisha mabomba. Kazi iliyotakiwa kumalizika kwa miaka mitatu ilichelewa mno, mji ukarudishwa mahakamani tena na tena, na ni mwaka 2025 tu ambapo mahakama ilijulishwa kuwa imekamilika, mabomba karibu 11,000 yakiwa yamebadilishwa. Novemba 2021 jaji aliidhinisha fidia ya dola milioni 626, sehemu kubwa sana ikitoka serikali ya jimbo na sehemu kubwa ikitengewa waliokuwa watoto wakati ule. Mtakumbuka kwamba yote hayo yalianza kwa kubana matumizi.

Ndugu wa Mbeya, nakubaliana nawe kuhusu gharama, na sipendi kukujibu kwa maneno matamu. Lakini naomba utazame kilichowaunganisha Flint na Owino Uhuru. Kila mmoja alichagua kipimo kimoja ambacho ofisi isingeweza kukigeuza: kwa Omido damu ya watoto watatu, kwa Walters maji ya mfereji wa jikoni kwake. Zaidi ya hapo, nyaraka nyingi zilizoivua nguo serikali ya Michigan hazikupimwa maabara. Ziliombwa. Profesa Edwards na wanahabari walidai barua pepe za maofisa kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari. Sheria hiyo pale Michigan ina tundu kubwa, kwa kuwa ofisi ya gavana haiguswi nayo, na ndiyo maana barua zake zilitoka pale tu alipolazimika kuzitoa mwenyewe kwa shinikizo la umma.

Sisi tunazo sheria kama hizo na wengi hatujazigusa. Tanzania ilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016, na inataka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Kenya ilitunga ya kwake mwaka huohuo, na muda wake ni siku 21. Barua ya maombi ya taarifa haihitaji maabara. Inahitaji kutaja nyaraka unazozitaka kwa usahihi: ripoti za vipimo vya maji za miezi kadhaa, mahali sampuli zilikochukuliwa, na jina la maabara iliyopima. Inahitaji pia nakala yenye mhuri wa mapokezi ibaki mikononi mwako. Wakikupa, una cha kusoma. Wasipokupa, ukimya wao sasa una tarehe, na unaweza kuupeleka mbele. Najua si kila ofisi itaheshimu siku hizo, na ninajua kuna mahali ambapo kuandika barua hiyo peke yako ni hatari. Mama Walters hakuandika peke yake, na wale waliozipokea zile chupa hawakuwa watu wa chama kimoja wala wa rangi moja. Orodha ya majina mengi chini ya barua ni ulinzi, na ningeshauri pasiwepo barua ya mtaa yenye jina la mtu mmoja.

Ndugu wa Grand Rapids, nashukuru kwa kunikumbusha nililolisahau. Na kwa kuwa uko Michigan, utakuwa umesikia habari za Benton Harbor, upande wa Ziwa Michigan, mji mwingine mdogo wenye wakazi wengi weusi. Maji yao yalivuka kiwango cha risasi mwaka 2018, na wakazi wakasubiri jimbo mwaka hadi mwaka. Septemba 2021 kundi la wakazi likiongozwa na Mchungaji Edward Pinkney, pamoja na mashirika yaliyowaunga mkono, liliacha kusubiri, likapeleka ombi rasmi la dharura kwa shirika la mazingira la serikali kuu, wakilitaja jimbo kwamba limeshindwa kazi yake. Ndani ya mwezi mmoja jimbo liliwaambia watu watumie maji ya chupa na likaanza kuyasambaza. Mabomba ya mji yakabadilishwa karibu yote kufikia mwishoni mwa mwaka 2022. Flint ilingoja miaka. Benton Harbor ilibadilishiwa mabomba kwa muda mfupi baada ya ombi lile, kwa sababu watu wake walikwisha kujua ni ofisi gani iliyo juu ya ofisi inayowapuuza, na ni karatasi gani ofisi hiyo hailazimiki kuombwa mara mbili kuisoma.

Naomba anayeendelea kuchangia atuwekee hapa uzoefu wa aina hiyo kutoka kwake: ni ofisi ipi ya juu inayopokea malalamiko ya maji katika kaunti au mkoa wenu, kwa sheria ipi, na ndani ya siku ngapi inapaswa kujibu. Nitayakusanya majibu yote juu ya uzi huu ili anayekuja kesho na tatizo la mtaa wake ayakute.